Mabakuli Niliyoyarudisha Masafi

Wiki nzima nilikosa usingizi kwa ajili ya tonge ambalo lilikuwa bado halijafika mdomoni mwangu.

Mwaka 2017, baada ya kuhitimu chuo pale Braamfontein, nilipanga chumba cha uani kwa mjane mmoja Mkorea, kaskazini mwa Johannesburg. Mtaa ulikuwa wa Wakorea: duka la mboga lao, kanisa lao, vibao vya saluni nisivyoweza kuvisoma. Watu walimwita halmoni, yaani bibi, nami nikamwita hivyo hivyo. Kila Jumatano aligonga mlango wangu na kunikabidhi bakuli kwa mikono miwili.

La kwanza lilikuwa la supu. Nilishukuru, nikafunga mlango, nikanusa, nikajua. Mimi ni Mwislamu wa Tanga. Nguruwe sijawahi kumla. Nilipaswa kusema siku ileile. Badala yake nikaanza kuwaza: ataona nimemdharau, atajuta kunipangisha. Nilipomaliza kuwaza supu ilikuwa imepoa. Nikampelekea mlinzi wa getini, Mkongomani wa Lubumbashi wa umri wa baba yangu, niliyemwita papa kama wanavyoita baba kwao, kisha nikaosha bakuli, nikalirudisha na kusema ilikuwa tamu sana.

Miezi minane ikapita hivyo. Si kila bakuli lilikuwa na nguruwe. Mchicha aliouchanganya na ufuta niliumaliza mwenyewe, nikilamba vidole. Lakini kwa kuwa mabakuli yote yalirudi masafi, halmoni aliniongezea kipimo, na mlinzi akaanza kuulalamikia mkanda wake.

Mwezi Mei, baridi ilipoanza, halmoni alinialika siku ya kutengeneza kimchi, kabichi ya pilipili inayowekwa akiba. Mama wa dukani alinieleza utaratibu: majirani hukusanyika, nguruwe huchemshwa, na anayepaka pilipili hufunga kipande cha nyama ndani ya jani la kabichi, akamlisha mwenzake kwa mkono wake. Ukilishwa hivyo, umekuwa mtu wa nyumbani. Nikamuuliza kama kuna aliyewahi kukataa. Hakulielewa swali.

Nilitafuta visingizio. Usaili wa kazi. Homa. Jino. Jino lilifaa, mpaka nilipokumbuka kwamba halmoni angeniletea uji, tena wa nyama.

Nilipomweleza mlinzi, alicheka mpaka akakohoa.

"Dada, ukisema kweli, miye nitakula nini Jumatano?"

Halafu akatulia. "Lakini yule mama anakupenda bure. Usimwaibishe mbele ya wenzake."

"Na akiuliza supu zilikwenda wapi, papa?"

"Sema ni miye. Mwambie zilikuwa bien, nzuri kabisa."

Jumamosi, siku yenyewe ya kimchi, nilitoka kabla majirani hawajafika. Halmoni alikuwa bombani peke yake, akisuuza kabichi zilizolala kwenye chumvi. Nilikuwa na hotuba ya sehemu nne, yote ikapotea. Nikachutama kando yake, nikachukua kabichi moja, maji yakaning'ata vidole. Kwa Kiingereza chepesi tulichoelewana nikamwambia sili nguruwe, dini yangu hairuhusu, na supu zote zile alikula mlinzi. Nikamwomba radhi.

Akasuuza kabichi moja. Ya pili.

"Miezi minane?"

"Miezi minane."

Akatazama getini, ambako mlinzi ghafla alikuwa amepata kazi ya kufuta bawaba.

"Ndiyo maana amenenepa," alisema, bila kutabasamu. "Wewe ulibaki mwembamba, nikadhani una minyoo."

Nilitaka kucheka, lakini hakuniachia nafasi. "Supu si kitu. Ulisema tamu, nami nikaamini."

Majirani wakaanza kuingia na mabeseni yao. Hakuna aliyeniambia nibaki wala niondoke, na chumba changu kilikuwa hatua kumi tu kutoka pale. Nikavaa glovu, nikakaa kwenye mkeka pamoja nao, nikapaka pilipili mpaka mgongo ukauma.

Adhuhuri sufuria ilifunuliwa. Jirani mmoja, mwanamke niliyekuwa nikimsalimia tu kwa kuinamisha kichwa, alifunga jani juu ya nyama, akaninyooshea mkono. Wote walikuwa wakitazama. Sikumgeukia halmoni anisaidie.

"Mimi sili nguruwe, mama," nilisema. "Naomba la kabichi tupu."

Kisha nikafungua mdomo, nikangoja.