Vitunguu vya Kukaanga Wakati wa Kwaresima

Naomba mnicheke taratibu. Mimi ni mwenyekiti wa jumuiya yetu hapa Kitandililo, na Kwaresima hii ni mimi niliyesisitiza tuache vyote vya kukaanga mpaka Pasaka. Bibi Yustina alipokutwa na andazi, nilimsimamisha mbele ya wenzake, nikamsema mpaka akainamisha kichwa.

Ijumaa nikaenda Makambako mjini kununua mbegu za maharage. Karibu na stendi, mama mmoja alikuwa anakaanga vitunguu vilivyokatwa duara na kuchovywa kwenye uji wa ngano. Nikajiambia kitunguu si nyama, Mungu anaelewa. Nikakaa kwenye kona, nimeipa barabara mgongo. Vilikuwa vya moto, nje vikavu, ndani vitamu kabisa. Utoto ukanipanda. Nikavivaa kwenye vidole vyote vya mkono wa kulia, nivile kimoja kimoja kama mfalme anayevua pete zake.

"Tumsifu Yesu Kristo, mwenyekiti!"

Alikuwa Bibi Yustina, mkono ameshaunyoosha. Kwetu mkono wa mkubwa haukataliwi, wala hauachiwi mpaka habari za nyumbani ziishe.

"Milele amina," nikajibu, nikampa wangu na mafuta yake.

Akauliza habari za mama watoto, za mahindi, za mvua. Zote nzuri. Kisha akaugeuza mkono wangu polepole, akavitazama vile vitunguu vitano.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "langu lilikuwa andazi moja."