Pale Ng'ombe Walipokataa Kulala

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya ujenzi sikugusa udongo wala mti. Mzee Chibehe, fundi wa tembe, nyumba zetu za paa bapa la udongo, aliyejulikana kote Ugogo, alinikabidhi ng'ombe wa mtu aliyetaka kujenga, akaniambia niwapeleke kwenye mwinuko fulani, nikae niwatazame. Nikakaa tangu walipotoka kunywa maji mpaka jua likapinda. Aliporudi akaniuliza, "Wamelala wapi?" Nikamwonyesha. "Na upepo wameupa nini?" Nikajibu, "Mgongo." Akasema, "Haya, leo umejenga," akaenda zake. Moyoni nilisema mzee huyu ni mvivu aliyebarikiwa maneno.

Uvivu ulikuwa wangu. Ng'ombe mwenye shibe hulala pakavu, na hapendi upepo umpige usoni. Basi pale walipolala ndipo uwanja wa zizi utakapokuwa, na tembe huuzunguka pande zote nne. Mlango huelekea magharibi, kwa kuwa upepo na mvua za kwetu hutoka mashariki. Nguzo ni za mpingo, zenye panda juu, na mchwa hawaziwezi. Juu ya panda hukaa boriti, juu ya boriti fito na majani, kisha udongo wa kichuguu, ambao haunywi maji upesi. Paa la namna hiyo ni zito kweli. Ndiyo maana fundi wa tembe huiogopa ardhi kuliko anavyouogopa ukuta. Ng'ombe wasipolala, hatujengi, hata kama mwenye nyumba ni mtemi.

Nilifanya kazi chini ya Mzee Chibehe miaka mingi. Nilikuwa nimechukua mizigo ya misafara hadi pwani, kwa hiyo nilijua Kiswahili, na Wadachi wa Ujerumani walipojenga boma lao, akida wao alinipeleka mbele ya Bwana Shauri, yaani mzungu wa kuamua kesi na kuamuru kazi. Nikafanywa msimamizi wa nyumba. Nilipewa kanzu, kofia nyekundu na kamba ndefu yenye mafundo ya kupimia. Nisiwafiche: kofia ile niliipenda. Nilipopita, watu wazima walinipisha njia.

Reli ilikuwa inakaribia. Bwana Shauri akataka watu waliotawanyika vilimani washuke wakae kando ya barabara, tembe zote katika mstari mmoja, milango ikitazama barabarani, apate kuwaona wote kwa mara moja. Mstari ule ulikatiza mbugani, penye udongo mweusi, ule unaopasuka kiangazi na kuvimba masika. Na milango ilielekea mashariki.

Miongoni mwa walioamriwa kushuka alikuwemo dada yangu Mbeleje, mjane mwenye watoto wawili. Alikuja na ng'ombe wake, akawaachia kwenye kiwanja alichopimiwa. Walizunguka, wakanusa chini, wakabaki wamesimama. Jua likapinda, hakuna hata mmoja aliyepiga magoti.

"Kaka," akaniambia, "ng'ombe hawakulala."

"Nimeona."

"Basi mwambie Bwana wako."

Mzee Chibehe naye alikuja kwa miguu yake mibovu kunisihi. "Mwanangu, kamwambie."

"Nikamwambie nini, mzee? Kwamba ng'ombe wamekataa? Atanicheka, kisha atanilaza chini nichapwe kiboko."

"Kiboko kinapona," akasema.

Kesho yake asubuhi Bwana Shauri alipita kukagua. Akashuka kutoka juu ya punda wake, akachukua donge la udongo ule mweusi, akalivunjavunja vidoleni. Kisha akaniuliza, kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Wewe fundi. Udongo huu mzuri?"

Aliuliza. Hilo ndilo linaloniua mpaka leo. Hakunishikia kiboko wala hakukunja uso. Alitaka kujua, na mtu wa kumjibu nilikuwa mimi peke yangu. Dada yangu alikuwa amesimama hatua chache nyuma yangu, amemshika mtoto mkono.

Nikasema, "Mzuri, Bwana."

Tukajenga. Nguzo nilichagua mwenyewe, mpingo mtupu, na nikazifukia chini kuliko desturi, kama mtu anayejaribu kuhonga ardhi. Masika ya kwanza mvua zilikuwa chache, nikaanza kujidanganya. Masika ya pili zilikuja za kweli. Udongo ukavimba, nguzo zikainama, maji yakaingia kwa milango yetu ya mashariki na kujaa uwanjani. Alasiri moja Mbeleje alikuwa ndani anasaga uwele, watoto wako naye. Paa likashuka lote. Tulichimba kwa majembe, kisha kwa mikono. Tuliwakuta watatu karibu na jiwe la kusagia.

Bwana Shauri alikuja, akatazama, akaandika katika daftari lake kwamba nguzo zilikuwa mbovu. Nguzo zile hata leo ukizichimbua ni nzima. Sikumsahihisha. Akanihamishia kwenye mstari mwingine, mbele zaidi, na nikaenda, na kofia yangu kichwani. Nilijenga mistari mpaka vita vilipowaondoa Wadachi. Mzee Chibehe alikufa hajaniita tena mwanangu.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu amekwisha kuota mvi. Nimeacha kazi, macho yamepungua, na sina ninachoweza kuwafundisha ninyi vijana ambacho ng'ombe hawakijui zaidi yangu. Msidhani umri unafuta jambo. Kila masika mimi huhesabu mapaa ya watu na kungoja.

Mwaka huu alinijia mtu mmoja, ana mke na watoto, akaniongoza hadi kiwanja alichopewa. "Shikamoo babu. Wewe ndiye fundi wa zamani. Naomba unitazamie."

Nikamwambia, "Usiniulize mimi. Lete ng'ombe."

Akacheka kwa huzuni. "Ng'ombe gani, babu? Majeshi yaliwala wote, ya huku na ya huku." Akainama, akachota udongo, akanitilia kiganjani. "Sema wewe tu. Udongo huu mzuri?"

Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake, amemshika mtoto mkono. Macho yangu hayakuweza kuona rangi ya udongo ule, na mdomo wangu, kabla sijauzuia, ulikwisha kufunguka kusema, "Mzuri."