Maboksi Chini ya Kitanda cha Dada

Dada yangu, Mungu amrehemu, alifundisha darasa la pili miaka kumi na tisa, na wanafunzi walimwita Mama Maboksi. Popote alipopita aliokota maboksi: ya sabuni, ya viatu, ya dawa ya meno. Aliyabandua gundi, akayatandaza, kisha mtoto alitakiwa aseme kabla ya kukunja: upande huu utakutana na upi?

"Msikimbilie kukunja," alikuwa akiwaambia. "Fumbeni macho, likunjeni kichwani kwanza."

Mwaka huu mwalimu mkuu alimwambia mchezo huo utakoma, isipokuwa watoto wamwonyeshe mkaguzi walichojifunza. Dada akaandaa maboksi arobaini, kila mtoto lake, akayapanga chini ya kitanda. Wiki hiyohiyo figo zikamlaza hospitali.

Nyumba nilibaki nayo mimi. Nilitaka akirudi akute chumba safi. Nikayachoma maboksi yote pamoja na takataka za uani, tena huku nikiimba sifa za Mungu.

Aliporudi aliinama, akachungulia chini ya kitanda.

"Mdogo wangu, vitu vyangu viko wapi?"

"Nilidhani ni uchafu, dada. Nisamehe."

"Hata wewe nilikufundisha kukunja. Ulikuwa mzito tangu hapo." Akacheka kidogo, akakohoa. "Haya, lete mkasi. Na maboksi ya dawa zangu. Hayo hayataisha leo wala kesho."

Tulikata siku tatu. Alifika ishirini na sita. Mungu alimchukua asubuhi, mimi nikiwa jikoni namchemshia maji. La ishirini na saba lilikuwa mapajani mwake, limekatwa nusu.

Mkaguzi alikuja siku nne baada ya mazishi. Nilipeleka yale tuliyokuwa nayo. Watoto kumi na wanne walikosa. Mmoja wao, kabinti ka dawati la nyuma, alikaa amefumba macho, vidole vikichezacheza hewani.

"Wewe, mbona unasinzia?" mkaguzi akamuuliza.

"Sisinzii, mwalimu. Nakunja."

Darasa likacheka. Mkaguzi hakumuuliza zaidi, akaandika kwamba vifaa havitoshi.

Mwalimu mkuu alinirudishia maboksi katika mfuko wa plastiki. Somo lile halipo tena. Kila nikisali naomba msamaha kwa Mungu, maana dada alishanisamehe siku ileile, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Maboksi nimeyapanga chini ya kitanda chake. Pale sifagii.