Video ya Matanga Haikatwi Ovyo

Siku yangu ya kwanza studio, Kericho mjini, Meneja alinipa taa nibebe na sheria moja nishike: "Video ya matanga haina kelele. Mtu akilia, kata. Weka maua na wimbo wa polepole." Yeye alikuwa Mkipsigis wa Siongiroi, mimi wa Chebunyo. Kwetu mbele ya maiti watu hunyamaza, kwa hiyo sheria hiyo niliiona ni heshima tupu.

Kisha akafariki fundi wa mitambo wa kiwanda cha chai, Mjaluo wa upande wa ziwa. Tulifuata mwili hadi kwao. Wanaume walikimbia na matawi na firimbi wakiswaga ng'ombe, akina mama wakalia kwa kuimba. Safari hii kamera nilishika mimi, nikashuti kila kitu. Wakati wa kuhariri, yaani kupanga picha na kuondoa zisizofaa, Meneja alifyeka yote. "Hii ni fujo," alisema.

Mjane, Mama Akinyi, alirudisha video, akaiweka mezani. "Mmemzika nani hapa?"

"Mama, tumeondoa kelele tu," Meneja akajitetea.

"Kelele? Hao wanafukuza kifo bomani! Huyo anayelia ni dada yake, anataja wote ambao marehemu aliwasomesha. Nyinyi mnaweka maua. Mume wangu alikuwa na maua lini? Watoto wangu wataona baba yao hakuwa na mtu wa kumlilia."

Meneja aliinama. Siku hizo kanda moja ilirekodiwa mara nyingi, ya leo juu ya ya jana. Nikauliza kanda ya matanga, ile isiyokatwa, iko wapi.

"Kiprono ameenda nayo Ndanai," akanong'ona, akimtaja mpiga picha mwenzangu. "Harusi. Asubuhi hii."

Nilichukua kanda mpya dukani, nikarukia pikipiki. Nilifika kwaya ikiimba, bibi harusi akishuka garini, Kiprono kidole juu ya kitufe cha kurekodi.

"Usibonyeze!"

Bibi harusi akaganda, mguu mmoja nje. "Wewe ni bwana yake wa zamani?" mama mmoja akauliza, na harusi nzima ikacheka. Nilichomoa kanda, nikaweka mpya, nikaomba radhi nikikimbia.

Nilihariri upya Mama Akinyi akiwa kando yangu, akinieleza kila kilio kinasema nini. Tuliionyesha katika ukumbi wa kambi ya wafanyakazi. Akina mama walilia pamoja na wale wa kwenye skrini, wanaume wakasimama. Shemeji yake Mama Akinyi akanishika mkono: "Sasa ndugu yetu amezikwa." Nilitoka ukumbini nikitembea kama mtu aliyeshinda kura. Tangu hapo watu wa ziwa katika mashamba yale hawakutafuta studio nyingine.

Nimezunguka sana baadaye, miguu yangu haipendi kukaa: Nakuru, Kisii, hadi Isiolo. Nilidhani watu huchukizwa na unachoonyesha tu. Mara nyingi walichukizwa na nilichoficha. Kwa hiyo kila mahali niliuliza maswali mawili kabla ya kuwasha kamera: nisionyeshe nini, na nisiache nini.

Simu zenye kamera zimenistaafisha kabla ya mvi. Kazi yangu ya mwisho ilikuwa matanga ya Meneja mwenyewe, Siongiroi. Mama Akinyi alikuja. Akaniinamia sikioni: "Nyathina, mwanangu, hapa mnalia vipi?"

"Hapa tunanyamaza, mama."

Akajifunga leso vizuri, akasimama kimya katikati ya wanawake wa kwetu hadi mwisho. Niliishuti yote, na sikukata hata sekunde.