Mjomba alitualika klabu ya wanachama kula chakula cha Kifilipino, bibi akaondoka na mtoto

Heshima kwenu wakuu. Haya yamenitokea mwenyewe, na chumvi iliyomo ni ile ya kwenye mchuzi tu.

Nje kidogo ya Ifakara kuna klabu moja, members only. Kama huna wa kukualika, utaishia kunusa harufu getini.

Mjomba wangu, fundi mitambo, ni mwanachama. Jumapili moja akatualika mimi na bibi, yaani mama yake mzazi, anayeishi Lupiro. Siku hiyo menyu ilikuwa ya Kifilipino.

Jengo lenyewe ni la enzi za Mjerumani. Bibi alifika kwenye ngazi, akagoma.

"Babu yangu alibebeshwa mawe ya nyumba hii kwa viboko, kabla ya Maji Maji. Wao walipita nyuma. Leo mimi nipite mbele?"

"Pita, mama," mjomba akamwambia. "Wewe ndiye mgeni wangu."

Akapita. Alinishika mkono utadhani tunavuka mto.

Mimi hofu yangu ilikuwa uma na visu. Wakuu, hata kijiko hakikuwepo! Meza nzima ilitandikwa majani ya migomba. Juu yake wali, kuku wa siki na kitunguu swaumu, samaki wa kuchoma, maembe mabichi. Pembeni supu ya samaki, chachu kwa ukwaju. Mnanawa, mnakula kwa mkono, wote pamoja.

(Wali wetu wa Kilombero, jamani. Ulivyokaa pale, nilijisikia mwenyeji.)

Bibi akaonja supu, akafumba macho. "Aliyepika hii amefundwa na mama yake. Niitieni nimshukuru."

Akatoka mama mmoja mfupi, aproni imelowa. Kumwona bibi tu, akainama, akauchukua mkono wake na kuugusisha kwenye paji la uso.



Bibi hakuuliza kitu. "Marahaba, mwanangu."

Mpishi akaanza kulia. Kwa Kiswahili cha kuungaunga akasema, "Kwetu tunasalimia wakubwa hivi. Mama yangu amekufa. Mimi huku. Sikumzika."

"Mama yako anaitwa nani?"

"Rosa."

Bibi akamkalisha ubavuni, akaanza Salamu Maria. Yule mama akaitikia kwa lugha ya kwao. Lugha mbili, sala moja, na hawakugongana hata mara moja. Watu wazito wenye magari yao waliweka matonge chini.

 

Nilichojifunza: heshima kwa mkubwa haihitaji mkalimani.

Na bibi hakuishia pale. Wiki iliyofuata aliweka matanga Lupiro. Mpishi alikuja, majirani wakajaa kwenye mikeka, wakamlilia Rosa, mama wa mpishi, ambaye hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona.

Nanyi je, mmewahi kwenda ugenini mkakuta ndugu? Hebu mwageni yenu hapa chini, nasoma yote.