Joka la Vichwa Vingi Kwenye Kahawa ya Ihanda

Kilichonitoa Tunduma ni simu ya shangazi yangu wa Ihanda. "Njoo uone joka lako," alisema. "Halijaota hata kichwa kimoja." Akakata simu.

Joka lenyewe ni la Wagiriki wa kale: ukilikata kichwa kimoja, vinaota viwili. Nafundisha historia sekondari, na wanafunzi wangu husahau wafalme wote ila joka hilo. Miezi mitatu nyuma nilimsimulia shangazi, maana alikuwa anaogopa kukata mibuni mizee aliyoachiwa na marehemu mumewe. Bwana shamba alishamwambia aikate chini ichipue upya. Yeye aliona ni kuiua. Joka ndilo lililomshawishi.

Saa mbili asubuhi nilipanda Noah ya kwenda Vwawa. Tulipofika Mpemba tulikwama kwenye foleni ya malori karibu saa nzima. Mama muuza vitenge aliyekaa kando yangu akaniuliza naenda wapi. Nikamjibu naenda kuona joka. Akahamishia kikapu chake upande wa pili.

Saa tano nikafika Ihanda.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Twende shambani."

Hata maji hakunipa. Visiki vilikuwa vyeusi ti. Alikuwa amevichoma kimoja kimoja kwa kaa la moto.

"Lo! Shangazi, nani kakwambia uchome?"

"Si wewe? Ulisema yule shujaa aliyeliua joka alichoma shingo ili vichwa visizidi. Na kisiki chenye machipukizi kumi hakizai, kila mtu anajua. Nikachoma kidogo, nibaki na mawili matatu."

Niliona aibu, kwa sababu sehemu ile ya moto niliisimulia kwa mbwembwe.

Tukazunguka shamba lote. Mstari wa chini, kando ya kijito, mvua ilimkatiza kabla hajauchoma: miti kumi na mmoja. Shangazi hakuwa amerudi huko tangu siku hiyo, na machipukizi yalikuwa yamejazana, saba, tisa kwa kisiki. Shangazi akachuchumaa, akayashikashika, machozi yakamtoka.

"Nyie wa vitabu mnamshangilia mwenye panga," alisema akijifuta kwa kanga. "Mimi niko upande wa joka."

Saa kumi nikaanza kurudi. Miaka yote nilidhani watoto wanalipenda joka lile kwa kuwa linatisha. Shangazi alilipenda kwa kuwa ukilikata halifi. Shamba zima la mumewe limebaki mstari mmoja, na kosa ni langu. Nimeahidi kwenda Jumamosi kumsaidia kupunguza machipukizi. Amekubali, tena anataka nimsimulie dude lingine la Wagiriki. Ila mwisho wake, kasema, niuache hukohuko Tunduma.