Tyubu ya Mia na Ishirini

Hospitalini walimwita Mkono Mwepesi, maana sindano yake ilikuwa imeshatoka kabla mtu hajamaliza kufumba macho. Kazi ya kuchukua damu aliianza kabla hajaolewa, na sasa mwanawe wa mwisho ana ndevu.

Mwaka ule ililetwa mashine mpya ya kupima moyo. Moyo ukiumia huvujisha kitu kidogo kwenye damu, na mashine inakihesabu. Kilichokosekana ni kikomo: mpaka ngapi ni kawaida, na kuanzia ngapi ni hatari? Kitabu cha mashine kilikuwa na namba yake, ila mkuu wa maabara hakuiamini. Huyu walimwita Bwana Nukta, kwa jinsi alivyopenda hesabu za nukta.

"Hiyo wameipata kwa wanaume, tena wa mbali," alisema. "Nataka wanawake wa hapa. Mia na ishirini, wazima kabisa. Mama, hiyo kazi yako."

Mkono Mwepesi akawatafuta: walimu, wasusi, wauza nguo. Kila mmoja aliulizwa maswali ya fomu. Kifua kinakuuma? Unaishiwa pumzi?

"Ukinikuta mzima utanipa cheti nikamwonyeshe mume wangu?" msusi mmoja alimtania.

"Na muhuri nitakugongea."

Siku ya mwisho mwanamke mmoja hakutokea. Mkono Mwepesi akaangalia tyubu mia na kumi na tisa za damu zimepangwa, akakunja mkono wa gauni, akajichoma mwenyewe, akajaza ya mia na ishirini. Kwenye fomu akaweka alama: hapana, hapana, hapana.

Aliweka haraka, kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala. Kwa sababu ngazi za maabara zilikuwa na habari nyingine. Kwa miezi mitatu, akifika katikati, alikuwa anasimama na kuinama kama anafunga kiatu.

"Shikamoo, mama," mfagiaji alimwambia siku moja. "Hivyo viatu havina kamba. Kila siku unafunga nini?"

"Marahaba. Nafunga mdomo wako."

Mfagiaji akacheka sana. Mkono Mwepesi akapanda ngazi zilizobaki moja moja, mkono ukutani. Mama yake mzazi aliinama kuokota ufagio, hakuinuka tena. Umri wake siku hiyo ulikuwa umri alionao Mkono Mwepesi sasa.

Majibu yakatoka. Wanawake mia na kumi na tisa walikuwa kati ya mbili na kumi na tatu. Mmoja tu alikuwa na thelathini na moja.

"Nani huyu mia na ishirini?" Bwana Nukta aliuliza. Karatasi zake zilikuwa na namba tu. Majina yalikuwa kwenye daftari la Mkono Mwepesi, ndani ya droo yake.

Mkono Mwepesi akaifunga droo kwa ufunguo. "Mtu tu. Nitamtafuta."

"Mtafute, mama. Siwezi kumtoa kwa sababu namba yake mbaya. Lazima nijue kama anaumwa. Na akibaki, yeye ndiye anayekivuta kikomo juu."

Siku mbili alitembea na ufunguo wa droo mfukoni. Akilala, aliusikia moyo kwenye mto, akauhesabu, akaogopa kuuhesabu, akageukia upande wa pili. Nyumbani hakumwambia mtu. Alijiambia mashine imekosea. Halafu alijiambia kwamba akitajwa ni kawaida, basi atakuwa wa kawaida.

Siku ya tatu, asubuhi, aliletwa mama mmoja, fundi cherehani wa pale mtaani, jasho linamtoka, kiganja kifuani.

"Dada, mkono wako ni mwepesi, nichome wewe," alisema. "Hawa wengine wanachimba kisima."

Akamchoma. Vidole vya yule mama vilikuwa baridi. Baada ya muda Bwana Nukta akatoka na karatasi, akasimama mlangoni.

"Kumi na tisa," alisema polepole. "Daktari anauliza ni kawaida au la. Mia na ishirini akiwa mzima kweli, huyu ni kawaida, arudi nyumbani. Akiwa mgonjwa, huyu habanduki hapa. Mama, ulimpata?"

Fundi alikuwa anamtazama, uso umelowa. Mkono Mwepesi akamwona yule mama amerudishwa nyumbani: ngazi, ufagio, sakafu. Akatoa ufunguo wa droo mfukoni, akampa Bwana Nukta.

"Ila huna haja ya kufungua daftari," alisema. "Ni mimi. Naishiwa pumzi. Miezi mitatu sasa. Nilidanganya fomu."

Bwana Nukta alichukua kalamu nyekundu, akaikata ile thelathini na moja, kisha akaenda mbio kwa daktari. Fundi akalazwa.

Mkono Mwepesi akakalishwa kwenye kiti alichokalisha watu miaka yote. Kijana mpya wa maabara akamtafuta mshipa, akaukosa.

"Kushoto kidogo," alimwelekeza. "Usiogope. Mimi naogopa kwa wote wawili."

Baada ya saa tatu wakampima tena: thelathini na mbili. Namba haikupanda sana. Daktari alisema moyo haukuumia ghafla leo, ila umekuwa ukiumia pole pole, na lazima uonwe kesho kutwa na daktari wa moyo. Kesho kutwa hiyo aliiona mbali mno.

Jioni alishuka ngazi. Katikati akasimama. Mfagiaji alikuwa chini, ameshika ufagio, anasubiri ainame.

Hakuinama. Alishika chuma cha ngazi kwa mikono miwili.

"Mwanangu," alisema, "njoo unishike. Siwezi."